MACHO YA WATOTO: KILA MTOTO NA MAJI YAKE, KILA MTOTO NA KITAMBAA CHAKE

(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa ushirika. Yamebandikwa hapa ili na asiyehudhuria ayapate.)



Leo hatuzungumzi habari za alizeti wala bei ya mtama. Tunazungumza habari ya macho ya watoto wetu. Wote tunaona yanayotokea. Mtoto anaamka asubuhi kope zimegandamana kwa matongo, jicho jekundu, akitoka nje jua linamuumiza. Kesho yake ndugu yake, kesho kutwa nyumba nzima. Hapo maneno yanaanza: ni upepo, ni husuda, ni nyumba ya fulani iliyoleta. Jamani, tuyaache hayo. Kunyoosheana vidole hakujaponyesha jicho la mtu hata siku moja.

Ugonjwa huu ni wa vijidudu. Mwezi Januari 2024 uliingia Dar es Salaam, watu wengi wakaugua macho mekundu mpaka Wizara ya Afya ikatoa tahadhari. Kwa hiyo siyo aibu ya kijiji chetu peke yetu. Unaenea kwa mikono. Mtoto anajifuta jicho, anamshika mwenzie, na mwenzie anajifuta jicho lake. Unaenea kwa beseni moja wanalonawia watoto watano. Unaenea kwa mto na shuka. Na akina mama mtuwie radhi, unaenea kwa pindo la kanga. Mama anamfuta huyu matongo, halafu kwa pindo lile lile anamfuta yule. Anafanya kwa mapenzi, lakini anagawa ugonjwa.

Mtatuambia: Katibu, maji yako wapi? Ni kweli, hapa kwetu Dodoma tunajua maana ya kwenda kisimani alfajiri na kurudi jua limepanda. Lakini hebu tupime. Kunawisha uso wa mtoto mmoja hakuhitaji ndoo, kikombe kimoja kinatosha na kubaki. Majirani zetu wa Kongwa nao wana ukame kama sisi. Huko wataalamu walifanya utafiti katika vijiji 6, na matokeo yakatolewa mwaka 1995. Watoto waliodumishwa nyuso safi hawakushikwa sana na vikope vikali kama wenzao. Kongwa walikuwa na shida ya maji, na bado nyuso zikanawa.

Tumetaja vikope, yaani trakoma. Huu ni ndugu mbaya zaidi wa macho mekundu. Mtoto akiupata leo na kesho na keshokutwa, kope kwa ndani zinafanya makovu. Akishakuwa mtu mzima nywele za kope zinageukia ndani, zinakwaruza jicho, na mwisho ni upofu. Akina mama ndio wanaopofuka zaidi, maana ndio wanaokaa na watoto. Nzi wanaotua usoni huzaliana kwenye kinyesi cha watu kilichoachwa porini. Mwenye nyumba isiyo na choo ajue kwamba anafuga nzi wa kijiji kizima. Wazee wetu walikusanyika kwenye redio mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakachimba vyoo kwa majembe yao. Sisi tutashindwa nini?

Sasa matibabu. Mtoto akishikwa, chemsha maji, yaache yapoe. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kitambaa safi, futa toka pembeni mwa pua kwenda nje, mara moja, usirudie na upande ule ule. Jicho la pili lina kitambaa chake. Ukimaliza, vichemshwe na kuanikwa juani, kisha unawe tena. Mtoto asiende shule wala asilale mto mmoja na wenzake mpaka macho yaache kutoka uchafu.

Macho mekundu mengine huisha yenyewe kwa wiki moja au mbili, wala hayasikii dawa. Mengine yenye usaha mzito yanahitaji dawa ya kupaka ya tetrasaiklini. Wa kuamua ni mganga wa zahanati, siyo jirani. Tube ya mtoto mmoja asipakwe mwingine, na mdomo wake usiguse jicho. Tusinunue matone dukani kwa kubahatisha, maana yako yanayopunguza wekundu huku jicho linaharibika ndani.

Hili tunalisema kwa sauti kubwa: tusitie jichoni mkojo, maji ya majani, tumbaku, chumvi wala maziwa ya mama. Vitu hivi huunguza jicho au huongeza vijidudu, na kovu likikaa kwenye kioo cha jicho haliondoki kwa kuosha.

Na yapo mambo yasiyongoja kesho. Mpeleke mtoto zahanati siku hiyo hiyo:

1. Akiwa mchanga, hajatimiza mwezi, na macho yanatoa usaha. Huenda ni kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa, nacho hutoboa jicho kwa siku chache. Baba na mama nao watibiwe wote wawili, bila kulaumiana.
2. Akiwa na homa na vipele mwilini. Hiyo yaweza kuwa surua, na surua hupofusha.
3. Akiwa na maumivu makali, haoni vizuri, anaogopa mwanga, au kuna doa jeupe kwenye jicho.
4. Kope zikivimba sana, au jicho likichomwa na mwiba au kapi la mtama.
5. Siku tatu zikipita bila nafuu.

Ndugu zangu, kwa hayo mkutano umeazimia hivi. Kila nyumba itatundika kibuyu chirizi mlangoni na kingine chooni, na sabuni pembeni. Kibuyu tunacho, kamba tunayo, hatungoji msaada wa mtu. Kila mtoto atakuwa na kitambaa chake chenye alama yake. Watoto watanawa uso asubuhi na jioni, na baba akiwepo nyumbani anawishe na yeye, siyo kazi ya mama peke yake. Nyumba zisizo na choo zitasaidiwa na vijana wa ushirika kuchimba, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka zimalizike. Wajumbe watapita nyumba kwa nyumba, siyo kutoza faini, ni kuona na kusaidia.

Tulifundishwa zamani kwamba maadui wetu ni ujinga, maradhi na umaskini. Katika jicho la mtoto maadui hawa hukutana wote watatu. Aliyepita kisomo amsomee mwenzake tangazo hili, na mama mwenye swali asione haya kuuliza.



Katibu