Kuingia Bila Hodi

Somo: Luka 7:1-10

 

Leo nataka kuwaeleza habari za kijana mmoja ambaye mama yake ni mshiriki wa kanisa letu. Alikwenda Uingereza kusomea uofisa, akapata nyota yake ya kwanza begani, akawa ofisa wa askari wa miguu. Ofisa wa namna hiyo hukabidhiwa askari kama 30, na baadhi yao walikuwa jeshini yeye akiwa bado shule ya msingi. Alipokuja likizo alinitembelea jioni moja. Alikunywa chai yake kimya, kisha akasema, "Mchungaji, mama yangu alinifundisha kupiga hodi. Kule nimefundishwa kuingia bila hodi."

Ndugu zangu, wengi wetu tukisikia neno vita twafikiri juu ya porini, mahali askari aonapo mbali. Vita vya mjini ni jambo jingine. Kijana yule alinieleza kwamba katika mji mlango ndio mahali pa kufia. Anayesimama mlangoni huonekana na aliye ndani, bali yeye hamwoni. Kwa hiyo hufundishwa wasikawie barabarani. Huingia kwa dirisha, au hutoboa ukuta. Hurusha guruneti kwanza, kisha huingia kwa kasi, huyu upande wa kushoto na huyu upande wa kulia. Hufanya hivyo chumba kwa chumba, orofa kwa orofa, mpaka nyumba yote iishe.

Na ofisa ana taabu yake mwenyewe: hawaoni watu wake. Wanne wako juu, wanne wako chini, wengine wameingia nyumba ya pili, na redio hazisikiki vizuri katikati ya kuta nene. Amri aliyoitoa akiwa nje ndiyo inayofanya kazi ndani, naye hayupo.

Siku moja katika mazoezi hayo alitoa amri juu ya chumba kimoja. Askari wake walitii upesi, wakafanya kama walivyofundishwa. Mambo yalipotulia, mwalimu wake akamwita aingie. Ndani hamkuwa na adui. Mlikuwa na ubao uliochorwa picha ya mama amempakata mtoto. Mwalimu hakumkaripia. Alimwuliza neno moja tu: "Nani aliyetoa amri?" Naye akajibu, "Ni mimi."

"Ulikuwa ubao tu, Mchungaji," akaniambia. "Lakini usiku ule sikulala."

Wapenzi wasikilizaji, mazoezi haya hufanyika katika nyumba tupu. Huko Uingereza, katika uwanda wa Salisbury, kuna kijiji kiitwacho Copehill Down. Jeshi lilikijenga mwaka 1988 kwa mfano wa vijiji vya Ujerumani, kwa ajili ya mazoezi ya kupigana mitaani. Nyumba zipo na milango ipo, lakini wenyeji hawapo.

Si mbali na hapo kuna kijiji kingine, Imber, ambacho kilikuwa na wenyeji. Tarehe 1 Novemba 1943 watu wa Imber, wapatao 150, waliambiwa wahame, na kufika tarehe 17 Desemba wawe wamekwisha kuondoka, ili askari wa Marekani wafanyie mazoezi pale kabla ya kuvuka bahari kwenda kupigana Ulaya. Walitii. Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini hawakurudishwa. Baadaye jeshi lilijenga pale nyumba zisizo na madirisha wala samani, ili askari wajifunze vita vya mitaani. Jengo moja lilizungushiwa ua lisiguswe: kanisa la Mtakatifu Giles. Ibada hufanyika humo mara chache tu kwa mwaka.

Sasa sikilizeni. Siku tatu tu baada ya Imber kuwa tupu, tarehe 20 Desemba 1943, askari wa Kanada waliingia katika mji wa Ortona, nchini Italia, kupigana na Wajerumani. Kwa siku nane walipigana nyumba kwa nyumba, wakitoboa kuta kutoka chumba hiki hata kile ili wasipite barabarani. Siku ya Krismasi kikosi kimoja kiliandaa chakula ndani ya kanisa. Askari waliingia kwa zamu, wakala mezani, kinanda kikapigwa, kisha wakarudi vitani mitaa michache tu kutoka pale. Wengine hawakurudi kula tena. Na mji ule haukuwa mtupu kama Imber. Raia wa Ortona zaidi ya 1,000 walipoteza maisha katika vita hivyo.

Mazoezi hufanyika katika nyumba tupu, lakini vita havipiganwi katika nyumba tupu. Nasi Wakenya twalijua jambo hilo. Mwaka 2012 vijana wetu waliingia Kismayu, nchini Somalia, mji wenye soko na misikiti, na akina mama wenye watoto mgongoni.

Kijana yule akaniuliza, "Je, mtu wa kazi kama hii aweza kuja kwenye Meza ya Bwana?" Sikumjibu upesi. Nilimpa Biblia, nikamwambia asome kwa sauti Luka 7, habari za akida wa Kapernaumu.

Akida yule naye alikuwa ofisa wa askari wa miguu, mkuu wa askari mia, katika mji usiokuwa wa kwao. Wazee wa Wayahudi walimshuhudia mbele ya Yesu kwamba alilipenda taifa lao na kwamba aliwajengea sinagogi. Ni ajabu, ndugu zangu! Wenye mji walimwombea mgeni mwenye upanga. Maana yake alikuwa anawajua. Kwake Kapernaumu haikuwa safu ya milango, ilikuwa mji wa watu.

Tena, alijua kwamba yeye mwenyewe yu chini ya mamlaka. Alimwambia Bwana kwamba akimwamuru askari aende, huenda; basi Bwana naye aseme neno tu, na mtumishi wake atapona. Akida alijua neno la mkubwa hufanya kazi hata mahali asipoonekana. Kwa hiyo mkubwa na aogope neno lake mwenyewe, kwa kuwa litaingia chumbani asikoingia yeye, nalo litamrudia likiuliza: Nani aliyetoa amri?

Na mwisho, mtu huyu mwenye askari mia hakujiona anastahili Bwana aingie chini ya dari yake. Bwana alistaajabia imani yake. Hakumwambia atupe upanga, wala hakuubariki upanga wake. Alimponya mtumishi wake.

Kijana alipomaliza kusoma alifunga kitabu, akainamisha kichwa. Nikamwambia, "Usiku ule usiolala usiusahau. Siku utakapotazama mlango bila moyo kushtuka, hapo ndipo uniulize kwa hofu habari za Meza ya Bwana." Jumapili iliyofuata alipiga magoti pamoja nasi, mama yake kando yake. Kisha akarudi kazini.

Nawe msikilizaji, labda hujashika bunduki maishani mwako. Lakini je, wewe huingiaje? Kuna baba ambaye watoto wakisikia hatua zake mlangoni hunyamaza na kutafuta pa kujificha. Kuna mzee wa kanisa arushaye neno katika nyumba ya mwenzake, kisha akasimama mbali kama kwamba si yeye. Kuna mkubwa wa ofisi atoaye amri asubuhi, asijue jioni imemwangukia mama yupi na mtoto yupi. Wote hao wameingia bila hodi.

Bwana wetu mwenye mamlaka yote mbinguni na duniani angeweza kuuvunja mlango wowote. Lakini Ufunuo 3 watuonyesha amesimama nje, anabisha, anangoja aitwe. Mwenye haki ya kuingia kuliko wote ndiye anayepiga hodi.

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke vijana wetu walio jeshini, na maofisa wanaobeba mzigo wa amri. Uwape macho ya kumwona mtu nyuma ya mlango. Uwafariji mama zao wasiolala. Utusamehe sisi tulioingia kwa nguvu katika nyumba za wenzetu na katika mioyo ya watoto wetu. Na leo ukipiga hodi kwetu, tukuitikie, Karibu, Bwana. Kwa Yesu Kristo Mwokozi wetu. Amina.