Herufi za Kwanza Zianzie Nyumbani
(Hotuba kwa wazazi wa Buyenzi, Bujumbura)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nataka kusema machache juu ya watoto wetu wa miaka mitatu hata mitano, ambao hawajaingia shule. Wengi wetu husema, "Mwache acheze, mwalimu atamfunza." Lakini mwalimu wa darasa la kwanza ana kundi kubwa mbele yake. Mtoto asiyepata kuona hata herufi moja huketi nyuma, huchekwa na wenzake, na mwisho huichukia shule kabla hajaijua. Hasara hiyo twaweza kuizuia jikoni mwetu, pasipo kutoa hata faranga moja.

Neno la kwanza la wahyi lilikuwa ni amri ya kusoma. Tena wapokezi wa sira wameeleza kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra (624), mateka waliojua kuandika na wasio na mali walikombolewa kwa kufundisha kila mmoja watoto 10 wa Madina. Ikiwa mateka wa vita alikubaliwa kuwa mwalimu, je, baba na mama watatoa udhuru gani?

Namna yenyewe ni nyepesi. Kwanza, vidole vitangulie kalamu. Mama akandapo unga wa chapati, na ampe mtoto donge dogo alisokote liwe kijiti: hiyo ni alifu. Akiinua ncha zake mbili mfano wa mtumbwi, na akaweka harage moja chini yake, hiyo ni be. Aliondoe la chini, aweke mawili juu, ni te. Yakiwa matatu, ni the. Kwa umbo moja amepata herufi tatu, naye akidhani anacheza. Siku nyingine kijiti kile kile, kikiwekwa harage kichwani, kitakuwa i. Na ncha zikiungana, kitakuwa o.

Pili, mtandazieni mchanga laini katika sinia aandike kwa kidole. Akikosea, sinia hutikiswa na kosa likatoweka, wala hapana la kumtia haya. Aanze kwa jina lake mwenyewe, kwani hilo ndilo neno alipendalo kuliko yote.

Tatu, herufi za Kilatini zitamkwe pamoja na irabu: ba, be, bi, bo, bu. Irabu hizi tano zimo katika Kirundi kama zilivyo katika Kiswahili, basi afunzwaye kwa lugha ya nyumbani amekwisha kutengenezewa njia ya shuleni. Tofauti chache ataelezwa baadaye: chai yetu twaiandika kwa ch, na Kirundi huandika icayi kwa c peke yake.

Lakini kuna jambo la kuangaliwa. Kiarabu huanza kuume na Kilatini huanza kushoto. Msichanganye hati mbili katika kikao kimoja. Moja iwe baada ya Alasiri, nyingine baada ya Magharibi, na kijiwe kiwekwe upande wa kuanzia. Dakika kumi zatosha. Akichoka, aachwe. Na fimbo isikaribie sinia hilo, kwani mtoto apigwaye kwa ajili ya herufi hujifunza kuiogopa tu.

Mama asiyejua kusoma asiseme kwamba haya hayamhusu. Na aketi pamoja na mwanawe, na mkubwa aliye shuleni awafunze wote wawili. Wala binti asiachwe na vyombo hali kaka yake yu mchangani anaandika. Sinia ni lao wote.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nami naongeza: mkunjeni kwa upole, asije akavunjika.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin. Wabillahi taufiq.