Kutoka Kijiji hadi Nyumba: Asili na Maana za Neno "Home"



Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiandika "I am going to home", tunamkosoa kwa kalamu nyekundu na kumwambia kwamba "to" haitakiwi hapo. Akiuliza mbona "to school" ni sahihi, wengi wetu humjibu kwamba ndivyo Waingereza wasemavyo. Jibu la kweli lipo, na lina umri wa zaidi ya miaka 1,000. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa "hām", na nomino za wakati ule zilibadilika umbo kulingana na kazi yake katika sentensi. Neno hili likitaja mahali mtu anakoelekea, lilisimama katika umbo la yambwa bila kihusishi chochote. Mfumo ule ulikufa, lakini neno la nyumbani likabaki na desturi yake. Kilatini nacho kilikuwa hivyohivyo: aliyekuwa akienda kwake alisema "domum" tu. Kwa mtoto wetu, "nyumbani" na "shuleni" zimebeba -ni ileile moja, kwa hiyo hawezi kukisia tofauti hii asipoelezwa.

Kwenye maana ndiko kamusi zetu zinakotupunja. Zinatupa "nyumba" na "nyumbani", kisha zinafunga mjadala. Lakini "hām" haikutaja nyumba pekee. Ilitaja maskani pamoja na mashamba yake, na mara nyingi kijiji kizima. Ndugu zake wa ukoo wa Kijerumani wanathibitisha hilo. Wulfila alipotafsiri Biblia kwa Kigothi katika karne ya 4, neno la Kigiriki la kijiji alilifasiri kwa "haims". Katika Kinorwe cha kale "heimr" lilipanuka hata likawa na maana ya ulimwengu. Kilithuania, ambacho ni cha tawi jingine kabisa, kina "kaimas" kwa kijiji na "šeima" kwa familia, na wanaisimu huyahesabu yote mawili kuwa ya asili moja na "hām".

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko kwenye ramani ya Uingereza. Birmingham maana yake ni kijiji cha watu wa Beorma. Nottingham ni kijiji cha watu wa mtu aliyeitwa Snot. Katika daftari kuu la ardhi la mwaka 1086 jina hilo bado limeandikwa kwa S mwanzoni, na herufi hiyo ilipotea baadaye chini ya watawala waliozungumza Kifaransa. Angalieni silabi ile ya "-inga-" ya kale iliyo katikati ya majina haya: ndiyo inayosema "watu wa fulani". Beorma hakukaa peke yake.

Mtauliza kwa nini miji ibaki na "ham" wakati neno lenyewe limekuwa "home". Kati ya karne ya 12 na ya 13, irabu ndefu "ā" iligeuka kuwa "ō" kusini na katikati ya Uingereza. "Stān" ikawa "stone", "bān" ikawa "bone", na "hām" ikafuata njia hiyo. Kaskazini hawakugeuza, ndiyo maana Waskoti husema "hame" hadi leo. Katika majina ya miji silabi hii haikuwa na mkazo, kwa hiyo irabu yake ilifupika mapema na mabadiliko hayo hayakuigusa. Tahadhari kidogo: si kila "-ham" ni kijiji. Evesham, mji uliokumbatiwa na kona ya mto Avon, unatokana na "hamm", neno jingine la ardhi iliyozungukwa na maji.

Maana ilisinyaa polepole, kutoka kijiji hadi kaya moja. Nimesema kaya kwa makusudi, kwa sababu neno hilo limepita njia hiyohiyo. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ilikuwa kijiji kilichozungushiwa boma ndani ya msitu, na misitu hiyo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Kwa karani wa sensa Tanzania, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja.

Neno lenye hisia nzito namna hii huwavutia watawala pia. Afrika Kusini iliwatengea Waafrika maeneo iliyoyaita "homelands". Sheria ya mwaka 1970 ilimhesabu kila Mwafrika kuwa raia wa mojawapo, hata aliyezaliwa Soweto na hajawahi kukanyaga huko. Transkei, mojawapo ya maeneo hayo, ilitangazwa kuwa "huru" mwaka 1976, na watu waliohesabiwa kuwa wake wakavuliwa uraia wa Afrika Kusini. Maeneo hayo yalirudishwa nchini mwaka 1994. Mfasiri anayeandika "Bantustani" hapo, badala ya kutafuta neno tamu la Kiswahili, anafanya kazi yake vizuri. Angeandika "nchi ya nyumbani" angekuwa amewasaidia waliotunga uongo ule.

Kwa majadiliano ya mchana naomba tuanze na kitu kidogo: fomu yenye kipengele cha "home address". Mtu anayeishi Temeke na kwao ni Bukoba ajaze kipi? Tukifasiri "anwani ya nyumbani", wapo watakaoandika Bukoba, na barua ya hospitali itamkosa. Pendekezo langu ni "anwani ya unapoishi sasa", na "kwenu" liulizwe katika mstari wake wenyewe pale tu linapohitajika.