Korosho za Msumbiji na Sauti ya Mwananchi



Haki ya kupiga kura ni tukufu. Hata hivyo, mwananchi aweza kupiga kura leo, na kesho riziki yake ikaamuliwa katika chumba asichokaribishwa. Ushahidi tunao katika nchi ya Msumbiji.

Mwezi wa Oktoba 1994, raia wa Msumbiji walipiga kura katika uchaguzi wao wa kwanza wa vyama vingi. Mwaka uliofuata, Benki ya Dunia iliishurutisha serikali yao ipunguze ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje. Ilidaiwa kwamba viwanda vya kubangua korosho vilikuwa vikilindwa kwa jasho la mkulima. Ushuru ukishuka, wanunuzi wangeshindana na bei ya shambani ingepanda.

Dai hilo halikukosa ukweli, kwani mkulima alikuwa akipunjwa. Lakini matokeo yalikuwaje? Korosho ghafi zilipakiwa melini kwenda kubanguliwa India. Viwanda, ambavyo serikali ilikuwa imetoka tu kuvibinafsisha, vilikosa malighafi vikafungwa. Maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, walipoteza kazi. Na mkulima je? Mwaka 2002 wachumi McMillan, Rodrik na Welch walikadiria kwamba faida yake haikufika hata dola 6 kwa mwaka kwa kila jamaa ya wakulima wa korosho.

Baada ya malalamiko mengi, Bunge la Msumbiji lilipitisha sheria mwaka 1999 ya kutoza korosho ghafi ushuru wa asilimia 18 hadi 22. Sauti ya watu ilisikika, ila ilichelewa: viwanda vingi vikubwa havikufunguliwa tena.

Sisi Wakenya tulipiga marufuku uuzaji wa korosho ghafi nje mwaka 2009. Lakini marufuku peke yake haimshibishi mkulima. Mwenye kiwanda asipokuwa na mshindani, aweza kumpunja mkulima wa Kilifi kama alivyopunjwa yule wa Msumbiji.

Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Basi kila sera ya biashara iletwapo, tuwaulize wabunge wetu: Nani atanunua mazao? Kwa bei gani? Nani atapoteza kazi? Na tuyaulize hayo kabla ya meli kung'oa nanga.