HUYO "UCHAKAVU" NI NANI?
Hotuba kwa madereva wa teksi za ushirika

(Hotuba hii ilitolewa na mmoja wa waenezi wetu, ambaye amesomea ualimu, mbele ya madereva wa chama cha ushirika wa teksi mjini Dar es Salaam, siku chache kabla ya mkutano wao mkuu. Tunaichapa kwa sababu yaliyomo yanamhusu kila mwanachama wa kila ushirika.)



Nimeombwa niseme nanyi kwa nusu saa, nami najua kwamba nusu saa ya dereva ni abiria wawili. Kwa hiyo sitazunguka mbuyu.

Jumapili mtapiga kura. Hoja iliyo mezani ni kwamba fedha ya akiba iliyoko benki igawanywe, kila mwanachama achukue fungu lake. Nimekuja kuwaomba mwikatae hoja hiyo. Lakini kabla sijaomba sina budi kuungama kosa langu, maana hoja hii, kwa kiasi kikubwa, nimeizaa mimi.

Mnakumbuka mkutano uliopita nilimsaidia Ndugu Katibu kusoma hesabu. Nilisoma mbio mbio, kama mwanafunzi anayeogopa kiboko. Nikafika penye mstari ulioandikwa "Uchakavu", nikataja fedha nyingi, nikapita. Ndipo mzee mmoja, aliyeshika usukani tangu kabla mimi sijazaliwa, akasimama akauliza: "Mwalimu, huyo Uchakavu ni nani? Kila mwezi anachukua fedha kuliko dereva yeyote, wala hatujamwona kituoni hata siku moja."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Hapo ndipo nilipokosa. Mzee yule hakufanya mzaha. Alikuwa ameuliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, nami niliyesomeshwa ili nijibu maswali nikafungua ukurasa mwingine. Tangu hapo maneno yakaenea vituoni: kwamba kuna fedha imelala, kwamba Uchakavu ni jina la kuficha, kwamba wakubwa wanajua na wadogo hawajui. Mtu akinyimwa jibu hujitungia lake. Basi leo nimekuja kumjibu mzee wangu.

TULIKOTOKA

Kwanza tukumbuke kwa nini chama hiki kiliundwa. Mjomba wangu aliendesha teksi ya mtu hapa mjini. Kila jioni alipeleka hesabu kwa mwenye gari. Abiria wawepo wasiwepo, hesabu ilikuwa ile ile. Mvua za masika zikinyesha, maji yakajaa Jangwani na barabara ikafungwa, hesabu haikufungwa. Akitozwa faini na trafiki, ni yake. Abiria akishuka akakimbilia uchochoroni bila kulipa, hasara ni yake. Siku moja alishikwa na malaria akalala siku nne. Alipoamka na kwenda kazini alikuta ufunguo umo mfukoni mwa kijana mwingine. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Aliambiwa tu kwamba gari haliwezi kulala.

Wengi wenu mnaijua hadithi hii, maana ni yenu. Ndiyo maana mlilipa hisa kidogo kidogo, mkanunua gari la kwanza, kisha la pili. Leo hapana mtu anayewapokea hesabu jioni barazani kwake. Lakini, Ndugu zangu, mwenye gari wa zamani alikuwa na kazi moja ambayo hatukuiona kwa kuwa tulikuwa na hasira naye: gari lilipochoka, yeye ndiye aliyenunua jingine. Sasa mwenye gari ni nyinyi. Gari likichoka, atanunua nani?

UCHAKAVU NI NANI?

Nitawawekea mfano wa hesabu rahisi, wenye tarakimu zilizokatwa ili zishikike kichwani.

Tuseme gari moja limenunuliwa kwa shilingi 15,000,000. Tuseme litafanya kazi ya teksi miaka 5, na baada ya hapo mtu wa spea atalinunua kwa shilingi 3,000,000. Zilizobaki, shilingi 12,000,000, zimekwenda wapi? Hazikuibwa. Zimeliwa na barabara. Zimo katika mashimo ya uchochoroni, katika shokapu zilizokufa, katika injini iliyowaka mchana na usiku. Gawa fedha hiyo kwa miaka 5, utapata shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani shilingi 200,000 kwa mwezi. Kama gari linafanya kazi siku 25 kwa mwezi, ni shilingi 8,000 kwa siku.

Huyo ndiye Uchakavu, mzee wangu. Ni abiria anayepanda gari kila asubuhi bila kuonekana, halipi nauli, naye hula shilingi 8,000 kabla jua halijatua. Hata msipomwandika, anakula. Tofauti ni kwamba ukimwandika na kumtengea fungu lake, siku gari linapokufa unayo fedha ya kununua jingine. Usipomwandika, siku hiyo utamkuta mlangoni anadai deni lake lote kwa mara moja.

Sasa tuseme chama kina magari 12 na madereva 24, wawili kwa kila gari, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Kwa mwezi fungu la uchakavu ni shilingi 2,400,000. Kwa miezi 18 ni shilingi 43,200,000. Igawanyeni Jumapili, na kila mmoja ataondoka na shilingi 1,800,000.

Ni fedha nyingi, siwezi kudanganya. Itamaliza ada ya shule, itaezeka nyumba, itanyamazisha mwenye duka. Lakini mtakuwa hamkugawana faida. Mtakuwa mmegawana magari: huyu kachukua milango, yule kachukua magurudumu, mwingine injini. Mtaendelea kuyaendesha kwa muda, maana gari halitambui kwamba limekwisha kuliwa. Kisha litakufa la kwanza, litafuata la pili, na wale wawili waliokuwa wakiliendesha watakwenda kutafuta mwenye gari awape hesabu. Mtakuwa mmeizunguka Dar es Salaam yote na kurudi pale pale mlipoanzia.

LAWAMA ZENU NI ZA KWELI

Hata hivyo sikuja kuwakemea. Nimepita vituoni, nimekaa na mama lishe, nimesikiliza. Wanaotaka fedha igawanywe si walafi. Wana lawama tatu, nami naziona zote ni za kweli.

Lawama ya kwanza: kazi imepungua. Safari fupi zimechukuliwa na bajaji na bodaboda. Teksi bubu zinabeba watu bila kulipia leseni mnayolipia nyinyi. Tangu Uber ilipoingia Dar es Salaam mwaka 2016, na wengine wakafuata, abiria anaita gari kwa simu akiwa kitandani. Haya siwezi kuyafuta kwa hotuba. Lakini angalieni jambo moja. Madereva wa magari hayo ya simu nao walilia kwamba makato ni makubwa. Mwaka 2022 LATRA ikaweka kikomo cha asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma zake za kawaida nchini mwezi wa Aprili mwaka ule, na mwanzoni mwa mwaka 2023 ikarudi baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Katika mabishano hayo yote, dereva alikuwa mtu wa kungoja aambiwe. Nyinyi mnakata makato yenu wenyewe, kwa kura zenu wenyewe. Msilidharau jambo hilo.

Lawama ya pili: mwanachama akiugua, chama hakimjui. Hii ni aibu yetu. Tulimlaani mwenye gari wa mjomba wangu, kisha mwezi uliopita mwenzetu akalala hospitali, na aliyekwenda kumwona kwa niaba ya chama hakuwapo. Dawa yake si kuvunja kibubu cha magari. Dawa ni mfuko mwingine. Kila dereva akitoa shilingi 1,000 kila siku ya kazi, watu 24 kwa siku 25 wanapata shilingi 600,000 kwa mwezi. Huo uitwe mfuko wa dharura, uwe na daftari lake, na mgonjwa alipwe kwa kanuni, asilipwe kwa kuhurumiwa.

Lawama ya tatu ndiyo kubwa: hesabu haionekani. Dereva anaandikwa kila lita ya mafuta, lakini gari la chama likimpeleka mjumbe wa halmashauri arusini haliandikwi. Ndugu Mwenyekiti, nasema mbele yako kwa sababu nakuheshimu: na hilo liandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wala hawakusema daftari la madereva peke yake.

NA UPANDE WA PILI

Nimesema ya halmashauri; nanyi madereva mnivumilie niseme yenu. Wapo wanaorudisha fedha pungufu. "Elfu mbili tu, Mwalimu, ya chai." Haya, tuhesabu hiyo chai. Shilingi 2,000 kwa madereva 24 ni shilingi 48,000 kwa siku. Kwa siku 25 ni shilingi 1,200,000. Kwa mwaka ni shilingi 14,400,000. Ndugu zangu, kila mwaka tunakunywa karibu gari moja zima! Zamani ulipomficha mwenye gari elfu mbili, ulimpunja tajiri. Leo ukificha, unampunja mwenzako wa zamu ya usiku, ambaye tairi ikipasuka njiani saa nane ataambiwa hakuna fedha ya tairi.

Najua kwa nini watu wanaficha. Wanaficha kwa kuwa hawaamini kinachofanywa na wanachorudisha. Halmashauri nayo inaficha kwa kuwa inaogopa kelele za wanaoficha. Gari haliwezi kwenda mbele madereva wawili wakivutana usukani.

USHIRIKA SI MGENI KWETU

Mtu asiwaambie kwamba jambo hili haliwezekani. Kule Rochdale, Uingereza, mwaka 1844 watu 28, wakiwemo wafumaji maskini, walianza duka dogo, na dunia nzima ikajifunza ushirika kwao. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu tangu mwaka 1933. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliunganisha vyama vyao mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani. Na kwa kazi yenu hasa, madereva wa mji wa Madison huko Marekani walianzisha teksi zao, Union Cab, mwaka 1979, na miaka 40 baadaye zilikuwa zingali mikononi mwa wanaoziendesha.

Lakini tusijifunze mazuri peke yake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya nchi hii vilivunjwa kwa amri ya serikali, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha. Wakati vinavunjwa, lawama za wizi na hesabu mbovu zilikuwa zimekwisha jaa midomoni mwa watu. Chama kisichoonyesha hesabu zake kwa wanachama wake hakipati wa kukililia siku kikivunjwa.

NINAYOWAOMBA

Naomba mambo manne, kisha nitakaa.

Moja: Jumapili mwikatae hoja ya kugawana fedha ya uchakavu. Faida halali ikipatikana baada ya mwaka kukaguliwa, hiyo gawaneni kwa furaha.

Mbili: uanzishwe mfuko wa dharura, na mgonjwa wa kwanza kulipwa awe yule mwenzetu aliyelala hospitali.

Tatu: hesabu za chama zikaguliwe kama sheria inavyotaka, COASCO ipo kwa kazi hiyo, na taarifa ya mkaguzi isomwe polepole, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, mpaka mtu wa mwisho aseme ameelewa.

Nne: hesabu ya kila siku iandikwe mahali pa watu. Mnaona nimekuja na ubao. Ni wa kufundishia, nimeuomba kwa marafiki. Utatundikwa kituoni, na kila jioni Katibu ataandika kwa chaki: mapato ya leo, mafuta, fundi, dharura, uchakavu. Safari za halmashauri nazo ziandikwe. Abiria watasoma? Wasome. Hatuna cha kuwaficha.

Asiyejua kusoma tarakimu vizuri asione haya. Kila Jumanne na Alhamisi baada ya zamu ya mchana nitakuwa hapo chini ya ubao, bila malipo, na tutahesabu pamoja mpaka kila mwanachama aweze kumkosoa Katibu. Nami nikosoeni.

Mzee wangu, ulinisubiri miezi mitatu kwa jibu la swali lako. Nakuomba radhi mbele ya watu wote. Nakuomba pia, kama wenzako wanakubali, uwe mtu wa kwanza kushika chaki.