Kona za Tuktuk Vilimani

Pikipiki ya magurudumu mawili huinama pamoja na kona, bali tuktuk, yenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, haiinami. Hivyo dereva ateremkaye kutoka Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, akiwa na shehena ya ndizi, akifunga breki ghafula katikati ya kona, uzani hukimbilia mbele, palipo pembamba, na chombo huweza kupindukia upande wa nje. Ndugu dereva, twakusihi: punguza mwendo kabla ya kona, ilhali gurudumu la mbele lingali limenyooka, kisha geuza usukani taratibu. Jizoeze kwanza uwanjani, bila abiria.