Saa mbili za mama anayenyonyesha

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, amnyonyeshe mwanawe. Lakini bado wapo wanaojifungia chooni kukamua maziwa, wakihofia msimamizi asije akawaona wavivu. Inauma. Na hapo ndipo uongozi unapopimwa. Kiongozi anayetaka taasisi yake idumu hasubiri kuombwa: anapanga zamu mapema, anatenga chumba chenye kiti, komeo mlangoni na jokofu dogo, tena anawatangazia wafanyakazi wote kwamba hiyo ni haki, si hisani. Wakurugenzi mnaotusikiliza asubuhi hii, kwenu chumba hicho kiko wapi?